Mti wa Kufungia Dungu

Tangu nirudi hapa Highview, Louisville, sijamaliza hata kikombe kimoja cha chai kwa amani. Kanisani mnaniuliza nyama iko wapi. Kazini, kule stoo, wenzangu wa zamu wananiuliza vilevile. Jirani yangu wa chini alikuwa ameshanunua ndizi za kupikia nayo. Kwa hiyo naandika mara moja nisije nikasimulia mara kumi: nyama hakuna, na sikuifuata nyama. Nilimfuata baba yangu.

Wengi mnamjua kwa simu tu. Baba anakaa Buffalo kwa mdogo wangu Lubunga, huu ni mwaka wa pili. Kwetu, kwenye misitu ya Itombwe, alikuwa mwindaji, watu wakitoka vijiji vya mbali kuja kumwita. Huku kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa koti ndani ya nyumba. Mwezi wa kumi alimwambia Lubunga kwamba Krismasi ikipita atarudi Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi tulikotoka, akazikwe karibu na mama yetu. Hakugomba wala hakulia. Alisema kwa sauti ya kuagiza chumvi, na hiyo ndiyo iliyotutisha.

Lubunga ana rafiki mzungu aitwaye Walter, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa nje ya mji. Kulungu wanamlia mahindi Walter, naye amemruhusu Lubunga awinde kwenye shamba lake msimu ukifunguliwa. (Nawaita kulungu kwa sababu wanafanana na wale wa kwetu, ila hawa wana mkia mweupe wanaouinua wakikimbia.) Vibali Lubunga alikuwa navyo, na habari za vibali siandiki, msije mkasinzia. Dungu pia alikuwa amenunua: kiti cha chuma chenye ngazi, kinafungwa kwenye shina la mti, mwindaji anakaa juu huko asionekane. Kilichobaki ni kujua kifungwe mti gani.

"Nimemwomba baba aje achague mti," aliniambia kwenye simu. "Akasema, kaka yako akikuja, tutaenda. Donc, basi, ukuje."

Baba alisema hivyo kwa ujanja. Alijua bosi wangu hatoi ruhusa hata ya kwenda msibani. Hakujua kwamba yule bosi aliondoka na aliyemfuata ana moyo wa mtu.

Kutoka Louisville: maboga barabarani

Niliondoka Alhamisi asubuhi, mapema kabisa, nikajisifu moyoni kwamba saa sita nitakuwa Columbus nakula. Mwenye kujisifu njiani hajui njia. Karibu na Cincinnati, kabla ya daraja, lori lililobeba maboga lilikuwa limelala ubavu na maboga yametapakaa barabara nzima. Tulizima magari. Saa ya kwanza watu walikaa kimya humo ndani. Saa ya pili wakaanza kutoka, wakapiga picha, wakazungumza. Mama mmoja mzee aliyekuwa mbele yangu aliokota maboga mawili mazima, akamwonyesha polisi, polisi akageuza uso, naye akaniletea moja dirishani bila kuniuliza. Nikampa nusu ya maandazi yangu. Alikula akafumba macho. Sijui jina lake, na hatukuelewana maneno ishirini, lakini tulipoachana alinipungia mkono kama ndugu.

Kufungua njia kulichukua muda wa saa tano, hivyo Columbus niliingia jua likielekea kuzama, nina njaa na hasira.

Linden: kidari cha Shangazi

Linden, humo humo Columbus, anakaa Shangazi Nyota, dada mdogo wa Baba, anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nilipanga kulala kwake na kuondoka alfajiri peke yangu. Nilipofungua mlango nikakuta begi lake limesimama sebuleni na kasha kubwa la barafu pembeni yake.

"Shangazi, unasafiri?"

"Tuko tunasafiri," akanijibu. "Kaka yangu anaingia mu pori, na mimi nibaki huku nikioshea wazee wa batu? Kidari ni cha nani?"

Mnajua desturi, na kama hamjui niwaeleze. Kwetu mwindaji akiua, kila kipande kina mwenyewe. Shingo ni ya huyu, paja la yule, na kidari ni cha dada yake. Si zawadi, ni haki. Shangazi alikuwa hajapata kidari tangu tukimbie kwetu, na sasa alikuwa ameandaa kasha la kukibebea. Nilimweleza kwamba msimu bado haujafunguliwa, kwamba tunaenda kuchagua mti tu, hakuna bunduki wala nyama. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akaongeza barafu kwenye kasha.

Lile boga alilikagua akalilaumu kwamba halina majani yake, maana majani ndiyo mboga. Alilipika hata hivyo. Tulikula sombe (kisamvu), fufu ya muhogo na samaki wakavu, na boga likaachwa bakulini. Baada ya kula aliniuliza swali ambalo wote tulikuwa tunalizunguka.

"Niambie kweli. Anarudi Kigoma?"

"Anasema Krismasi ikipita."

"Na wewe utamukatalia?"

Nilisema sijui. Mtoto wa kwanza ninapaswa kujua, lakini ukweli ni kwamba sikujua. Mzee wa miaka yake, ukimzuia umemfunga, ukimwachia umemzika. Shangazi alikusanya sahani akasema atamuombea, na wote mnaojua maombi ya Shangazi mnajua kwamba mji mzima husikia.

Kando ya ziwa: chupa ya mgeni

Ijumaa tulipita Cleveland vizuri, tukafuata ziwa. Kabla ya kufika Erie theluji ikaanza, ile ya pembeni, inayokuja kutoka ziwani bila kubisha hodi. Kifutio cha kioo cha upande wangu kikang'oka kikaning'inia. Nilitoa kichwa dirishani nikaendesha hivyo mpaka kituo cha mafuta, Shangazi akiimba nyimbo za mazishi.

Pale palikuwa na mwanamume mmoja mwenye ndevu nyekundu, anajaza mafuta. Aliona kofia yangu ya rangi ya machungwa, ambayo Lubunga aliniagiza nisiingie porini bila hiyo, akaona na kasha la barafu. Uso wake ukafunguka. Alianza kunieleza habari za kulungu, na kwa Kiingereza changu cha stoo nilishika neno moja kati ya matano, nikawa naitikia yote. Alinionyesha picha kwenye simu: kulungu, kulungu, mtoto wake, kulungu. Akaona kifutio. Akaenda garini kwake, akaja na kamba nyembamba ya waya na koleo, akakifunga huku theluji inamjaa kwenye ndevu. Nikataka kumlipa, akakataa. Badala yake akanitia mkononi kachupa kadogo, akanifunga vidole juu yake, akaondoka.

Shangazi aliitazama ile chupa kuanzia pale mpaka tukatoka Erie.

"Hiyo ni dawa ya uganga," akasema. "Muwindaji anakupa kachupa, anakufunga vidole. Mimi niko nayaona hayo tangu utoto. Itupe."

"Shangazi, huyu mzungu ametutengenezea gari."

"Shetani pia anatengeneza gari."

Nilisimamisha gari pembeni nikasoma maandishi, pole pole, neno kwa neno. Ilikuwa mikojo ya kulungu jike. Wanaiuza madukani, mwindaji anaimwaga karibu na dungu ili dume ajilete. Nilipomweleza, Shangazi alijifuta mikono kwenye kitenge, ingawa hakuwa ameigusa.

"Wanauza mikojo," akasema mwishowe. "Na mimi naosha ya wazee wao bure."

Si bure, analipwa, lakini sikumsahihisha. Niliondoa gari huku nacheka mpaka nikakosa njia ya kutokea, tukaongeza dakika arobaini.

East Side, Buffalo

Baba hakuinuka tulipoingia. Alimshika dada yake mkono, akanishika mimi kichwa, akauliza tumekula nini njiani. Alikuwa amekonda. Simu haionyeshi shingo ya mtu ilivyo. Nilienda bafuni nikafungua maji, nikalia kidogo, nikarudi.

Lubunga alitandika karatasi mezani. Yeye ni mtu wa kompyuta, alikuwa ametazama video usiku na mchana, akachora shamba lote la Walter: mahindi hapa, msitu hapa, kijito, miti ya zamani ya matofaa. Akaweka kidole ukingoni mwa mahindi. Dungu litakaa hapa, alisema, maana kulungu wanakuja kula hapa, na upepo unatoka ziwani, magharibi. Baba aliitazama karatasi kwa adabu, akasema, "Sawa, mwanangu," akageukia dirisha lake.

Nikaona mpango wetu umekufa kabla haujazaliwa. Nikatoa ile chupa nikasimulia habari ya Erie. Baba aliichukua, akaifungua, akanusa. Akaifunga.

"Huyu jike alikuwa mugonjwa," akasema.

Hilo ndilo neno la kwanza refu alilosema jioni ile, na Lubunga akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kwa Walter: tunaombea dungu

Jumamosi tulifika shambani kukiwa na mwanga hafifu. Walter ni mrefu, mwembamba, ana mikono mikubwa ya kukamulia japo siku hizi anakamua kwa mashine. Alimpa Baba mkono, akasubiri aupokee, akamwita kwa cheo cha heshima. Shangazi alimpa sahani ya maandazi. Walter akabaki nyumbani na ng'ombe wake, sisi wanne tukaingia shambani.

Lubunga alisema tukae kimya saa moja ukingoni mwa mahindi, tuone kama kulungu wanatokea pale alipochagua. Tulikubali. Lakini jamani, sisi ni watu wa kanisa. Ukinunua gari, linaombewa. Ukihamia nyumba, inaombewa chumba kwa chumba mpaka kwenye friza. Mahali pa dungu patabakije hivihivi? Shangazi akasema dakika mbili tu. Akaanza polepole. Dakika ya pili alikuwa amepandisha sauti, dakika ya tano anaamuru roho za mauti zitoke kwa kaka yake, na mimi na Lubunga, Mungu atusamehe, tulimpokea kwa wimbo, na makofi, sauti ya kwanza na ya pili.

Kule kwenye kichaka ng'ambo ya kijito, mikia myeupe ikainuka. Mmoja, miwili, sita. Ikapotea kilimani.

"Nyamazeni!"

Ilikuwa sauti ya Baba. Nilikuwa sijaisikia sauti ile tangu nikiwa mtoto, nilipokanyaga kamba ya mtego wake.

"Munasema banyama waende? Nani aliwafundisha hivi? Muwindaji anaomba kwake, mu nyumba, mulango umefungwa. Akitoka hasalimii mutu. Hata mke wake hasalimii. Na nyinyi munaleta korasi!" Akamgeukia dada yake. "Na wewe, Nyota. Baba yetu angekufukuza."

Shangazi alifunga Biblia yake. Lubunga akanisogelea, macho yamemjaa machozi na anatabasamu kama mjinga.

"Umesikia?" akaninong'oneza. "Amekasirika. Miaka miwili hajakasirika na kitu."

Baba alikuwa ameshaanza kutembea. Tukamfuata. Alipita kando ya mahindi bila kuyatazama, akaingia kwenye miti, akainama. Aliokota mavi ya kulungu akayavunja kwa vidole. Alipapasa shina lililochunwa gome na pembe za dume. Kisha akaomba majivu.

Majivu hatukuwa nayo. Alitaka ya kupima upepo: unayaachia kidogo kidogo, unaona yanakoelekea. Shangazi, bado amenuna, alifungua begi akatoa mfuko wa unga wa fufu. Hakuna safari anayokwenda bila unga. Baba akachota, akauachia kwenye vidole. Pale karibu na kijito unga haukwenda mashariki kama karatasi ya Lubunga ilivyosema. Uliteremka na bonde, ukageuka, ukaelekea moja kwa moja kwenye kile kichaka walikotoka kulungu.

"Wanalala pale, wakicheua," Baba akasema. "Ukikaa mu mahindi asubuhi, watakusikia harufu wangali wamelala. Utakaa juu ya mti wako mpaka uote uyoga."

Lubunga alikunja karatasi yake taratibu akaitia mfukoni. Tulizunguka na Baba kwa muda wa saa nne. Alipima unga juu, chini, kwenye matofaa, kwenye jiwe, mpaka Shangazi akalalamika tutakula nini. Mimi miguu iliniuma. Yeye alitembea na koti lake lilelile la dirishani, alilifungua vifungo, halafu akalivua akanipa nimshikie.

Mchana tulisimama chini ya mti mmoja mkubwa, shina limenyooka, njia mbili za kulungu zinakutana karibu yake. Hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba ni hapo. Lubunga akatua boksi la dungu alilobeba mgongoni.

"Bon. Tufunge hapa, baba?"

"Hapana."

"Wapi sasa?"

"Sijui."

Lubunga alijizuia. Alieleza kwamba msimu unafunguliwa karibuni, kwamba likizo ya kaka inaisha, kwamba leo ndiyo siku. Baba alisubiri amalize.

"Pori hili nimeliona siku moja, limevua nguo," akasema. "Mutu hachagui mahali mu pori asiloliona mvua na kiangazi. Hii njia wanapita sasa sababu ya matofaa kuanguka. Yakiisha, watapita wapi? Majani yakirudi, huu upepo utapita wapi? Baba yangu alinikataza. Ukifunga kwa haraka, unawafundisha banyama mahali ulipo. Nikikuchagulia leo nitakuwa nakudanganya."

"Lakini baba, huku si mvua na kiangazi. Huku kuna misimu mine. Mpaka uione yote ni..."

Lubunga akakunja vidole, kimoja kimoja. Nilimwona anahesabu. Na mimi nilikuwa ninahesabu, na Shangazi alikuwa ameweka mkono mdomoni, yeye ambaye hajawahi kuuweka pale kwa hiari.

"Ni mine?" Baba akauliza.

"Mine, baba."

"Basi nitaona mine."

Hakuna aliyetaja Krismasi. Niliogopa hata kukohoa. Tulimkuta Walter zizini, na Lubunga akamtafsiria: mzee anaomba ruhusa ya kuja kutembea hapa bila bunduki, kila theluji ikianguka aone nyayo, na tena majani yakitoka. Walter akaegemea uma wa majani makavu, akasema aje siku yoyote anayopenda, na kama anataka, amfundishe na yeye ile kazi ya unga tuliyomsimulia. Kiti cha chuma tulikiacha ghalani kwake, kwenye boksi lake. Lubunga mwaka huu atawinda akiwa amesimama chini, na kama hatapata kitu, hatapata. Kidari Shangazi anakidai bado.

Jumapili: dukani

Baada ya ibada Baba alituambia anataka viatu vya theluji. Mwaka uliopita Lubunga alimnunulia jozi, haikuvaliwa hata mara moja, akampa jirani. Tulimpeleka kwenye duka kubwa la vifaa vya nje. Lubunga alichagua vya bei nafuu. Baba alibonyeza soli kwa kidole gumba, akavirudisha. Alivirudisha vya pili na vya tatu. Vya nne alivivaa, akafunga kamba mwenyewe, akatembea mpaka mwisho wa duka na kurudi, sisi watatu tumesimama tunamtazama kama wazazi siku ya kwanza ya shule.

"Muulize muuzaji," akamwambia Lubunga. "Vitadumu miaka ngapi?"

Lubunga akauliza. Muuzaji, msichana mwenye miwani, akasema vikitunzwa vizuri, mitano.

Baba akatazama viatu vyake.

"Mitano," akasema. "Ya kuanzia itatosha."